Kufundisha Vidakuzi na Faragha Mtandaoni kwa Njia ya Mchezo

Siku moja, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja, tulimwona mwanachuo akiketi ili aandike maandalio ya somo. Alipoifungua tovuti ya baruapepe hakuulizwa jina wala nenosiri. Mbele ya macho yake zilijitokeza barua za mwenzake aliyeondoka hapo nusu saa kabla, na miongoni mwazo ilikuwamo orodha ya alama za wanafunzi wa shule ya mazoezi, pamoja na maelezo ya ugonjwa wa mtoto mmoja. Yule mwenzake hakuwa mzembe kwa kadiri ya ujuzi wake. Alikuwa amefunga dirisha la tovuti kabla ya kuinuka. Hakujua kwamba kufunga dirisha si kuondoka.

Kisa hiki ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya. Aghalabu walimu huwaambia wanafunzi, "Jihadharini na mtandao," wakaishia hapo. Onyo lisilo na maelezo humtia mtoto hofu bila ya kumpa ujuzi. Tunakusudia kuonyesha kuwa jambo hili laweza kufundishwa kwa vitendo, hata katika darasa lisilo na kompyuta hata moja.

Jambo lenyewe

Hatuna budi kulielewa somo kabla ya kulifundisha. Kanuni inayotumika kupeleka kurasa za tovuti haina kumbukumbu. Kila ukurasa unapoombwa, mwombaji hupokewa kana kwamba ni mgeni asiyewahi kuonekana. Mwaka 1994, Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni njia ya kuiondoa kasoro hiyo. Tovuti hukikabidhi kivinjari maandishi mafupi, kwa kawaida yasiyozidi kilobaiti 4. Kivinjari huyahifadhi, na kila kinaporudi kwenye tovuti ile ile huyaonyesha chenyewe, bila ya kumwuliza mwenye kompyuta. Maandishi hayo ndiyo yaitwayo kidakuzi. Vidakuzi vingine hufutika kivinjari kinapofungwa. Vingine hudumu siku au miezi, hadi tarehe iliyowekwa na tovuti.

Maandalio ya somo

Darasa: la sita au la saba. Muda: dakika 40. Zana: vikaratasi, madaftari manne, mfuko mdogo, na meza tatu zitakazokuwa maduka ya viatu, dawa na vitabu.
Madhumuni: kufikia mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kueleza kidakuzi hufanya kazi gani, nani hukisoma, na jinsi ya kujilinda.

Hatua ya 1: Mwenye duka msahaulifu. Mteule mwanafunzi mmoja awe mnunuzi na mwingine awe mwenye duka la vitabu. Mwenye duka asahau kila kitu mara mnunuzi anapogeuka. Mnunuzi aagize kalamu, ageuke, kisha arudi kuagiza daftari. Mwenye duka aulize, "Wewe ni nani? Kalamu gani?" Darasa litacheka, kisha litachoka. Hapo uliza: "Tufanye nini ili duka hili likumbuke?" Wape watoto nafasi ya kufikiri, usiwatangulie kwa jibu.

Hatua ya 2: Kikaratasi. Mpe mnunuzi mchukuzi mwenye mfuko. Mchukuzi huyu ndiye kivinjari. Mwenye duka aandike "17" kwenye kikaratasi na kumpa mchukuzi, kisha aandike katika daftari lake: "17: kalamu moja." Kila wanaporudi, mchukuzi akionyeshe kikaratasi kabla hajaambiwa. Sisitiza mambo mawili. La kwanza, kikaratasi chenyewe aghalabu kina namba tu. Habari zimo katika daftari la duka. La pili, mchukuzi humwonyesha kila mtu kikaratasi alichokitoa yeye tu. Mwenye duka la viatu hawezi kukisoma kikaratasi cha duka la dawa.

Hatua ya 3: Mtu wa pembeni. Sasa weka mwanafunzi wa kutangaza biashara. Mnunuzi apite kwenye maduka yote matatu, na katika kila duka mtangazaji awepo pembeni, kwa ruhusa ya mwenye duka. Katika duka la kwanza ampe mchukuzi kikaratasi chenye namba 40. Katika mengine akitazame tu na kuandika. Mwishoni asome daftari lake kwa sauti: "Namba 40 ametazama viatu vya mtoto, amenunua dawa ya kikohozi, ameuliza kitabu cha kujiandaa kwa mtihani."

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Uliza maswali haya kwa utaratibu:
Ni mwenye duka yupi aliyeyajua yote matatu? (Hakuna.)
Nani aliyajua? (Mtangazaji.)
Je, mnunuzi alimwita? (La.)
Anaweza kukisia nini juu ya nyumba ya mnunuzi? (Yumo mtoto, yumo mgonjwa, yumo mtahiniwa.)

Tumeona darasa likinyamaza kwa swali hili la mwisho, kwani watoto hutambua papo hapo kwamba vipande vitatu visivyo na siri vikiunganishwa huwa siri. Vikaratasi vya namna hii huitwa vidakuzi vya mtu wa tatu.

Hatua ya 4: Kujilinda. Waache wanafunzi wapendekeze njia ndani ya mchezo, kisha uzilinganishe na kompyuta. Mchukuzi akikataa vikaratasi vya mtangazaji, hiyo ni sawa na kuzuia vidakuzi vya mtu wa tatu katika mipangilio ya kivinjari. Akiumwaga mfuko, hiyo ni kufuta vidakuzi. Akichukua mfuko mtupu na kuutupa baada ya safari, hilo ni dirisha la faragha. Mnunuzi akimwambia mwenye duka, "Futa namba yangu, naondoka," huko ndiko kutoka kwenye akaunti, jambo ambalo mwanachuo wetu hakulifanya. Kikaratasi chake kilibaki mfukoni, na aliyefuata alipokelewa kana kwamba ndiye yeye.

Makosa ya kuepuka

Mwalimu asiwaambie watoto kwamba kidakuzi ni kirusi. Ni maandishi tu, na bila yake tovuti ingetuuliza nenosiri katika kila ukurasa. Tena, asiwaahidi kwamba dirisha la faragha huficha kila kitu. Dirisha hilo husahau mambo ndani ya kompyuta, lakini tovuti iliyotembelewa bado humwona mgeni wake, na msimamizi wa mtandao wa shule aweza kuona ni tovuti gani zilizofikiwa. Vilevile, kufuta vidakuzi hakufuti daftari la duka, na ziko njia nyingine za kumtambua mtu, kama vile akaunti aliyoingia nayo.

Vivinjari navyo havilingani. Safari ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya mtu wa tatu mwaka 2020. Firefox ilianza mwaka 2022 kuvitenga kwa kila tovuti, mfano wa mchukuzi mwenye mfuko wake kwa kila duka. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa katika Chrome, lakini mwaka 2024 iliacha mpango huo. Kwa hiyo mtumiaji wa Chrome yafaa aitazame mipangilio yake mwenyewe.

Wanafunzi watauliza juu ya maneno "Kubali vidakuzi" yanayojitokeza katika tovuti nyingi. Asili yake ni sheria za Umoja wa Ulaya, hasa agizo la mwaka 2002 lililorekebishwa mwaka 2009, na kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018. Wafundishe kutafuta kitufe cha kukataa kabla ya kubonyeza cha kukubali. Kwetu pia sheria zipo: Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Wajibu wa mwalimu

Mwalimu ni mtunza daftari pia. Alama, umri na ugonjwa wa mtoto ni amana mikononi mwake, naye mtoto hakuulizwa kama anaridhika ziwekwe katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Kwa hiyo tujizoeze haya: kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka, kutokubali kivinjari cha kompyuta ya wote kihifadhi nenosiri letu, na kufuta vidakuzi tumalizapo kazi.

Zoezi la wanachuo

1. Fungua mipangilio ya kivinjari unachokitumia. Andika ni tovuti ngapi zimeweka vidakuzi, na ngapi kati yake unakumbuka kuzitembelea.
2. Tunga swali moja la Hatua ya 3 kwa kutumia maduka ya mtaa wako.
3. Fundisheni somo hili wawili wawili, mmoja akifundisha na mwenzake akiandika maswali ya watoto. Maswali ambayo hamkuweza kuyajibu ndiyo yawe mwanzo wa maandalio yenu yajayo.