Karakana ya Babu na Mikondo Mitatu

Chama kimeniomba niandike somo fupi kuhusu mageuzi ya elimu, kwa maana wengi wetu tuna wadogo zetu Gredi ya 9 na tukifika nyumbani tunaulizwa maswali tusiyokuwa na majibu yake. Mimi niko Kidato cha Tatu. Sisi ndio mkia wa 8-4-4. Tukishafanya KCSE mwaka 2027, Mungu akitujalia, mlango unafungwa. Kwa sasa shule yetu ni kama boma lenye wake wawili: upande huu Kidato cha Tatu na cha Nne, upande ule Gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Kila upande una vitabu vyake na lugha yake.

Haya, somo lenyewe. Mtaala wa Umilisi ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2019 katika madarasa ya chini. Darasa lake la kwanza lilifika Sekondari Msingi mwaka 2023, likafanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Alama za kuingilia Sekondari Pevu hazitoki kwa mtihani huo peke yake. KJSEA ni asilimia 60, kazi za Gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 6 ni asilimia 20. Kwa hivyo mwambie mdogo wako asingoje Gredi ya 9 ndipo aanze kushika kitabu.

Katika Sekondari Pevu mwanafunzi hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao kila mtu anauita Stem, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Huchagua masomo matatu ya mkondo wake, kisha huongeza yale ya lazima kwa wote, nayo ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. (Wanachama wenzangu, mmeona Kiswahili kimebaki pale pale? Pigeni makofi.) Serikali ilinuia asilimia 60 ya wanafunzi waende Stem, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo.

Kwa karatasi mambo ni mazuri. Sasa niwapeleke kwetu, karibu na Tabaka, kunakochongwa mawe ya sabuni.

Baba yangu ni mchongaji. Mdogo wangu naye alianza kushika msasa kabla hajajua kuandika jina lake. Ukimpa jiwe asubuhi, jioni atakuonyesha kiboko ambaye utadhani atapumua. Walipoambiwa wachague mikondo na shule 12, yeye aliandika Sanaa na Michezo bila kusitasita. Baba aliposikia alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nimemeza vumbi hili maisha yangu yote ili wewe ukalimeze kwa cheti? Andika Stem."

Ilikuwa vita, jameni. Mama akawa katikati. Mdogo wangu akamtaja Naftali Temu, mtu wa hapa hapa Gusii, aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Baba akamjibu, "Wewe unakimbia?" Hata mimi nilicheka, ingawa nilikuwa upande wake.

Aliyetuliza mambo ni babu, naye hakutoa hukumu yoyote. Alimwuliza mdogo wangu swali moja tu: "Shule hizo ulizoandika zina karakana?"

Nitaeleza kwa nini babu aliuliza hivyo, kwa sababu hapa ndipo somo langu lilipo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, kufuatia pendekezo la Tume ya Mackay ya 1981, nao ulisifiwa kwamba utafundisha mikono kazi. Watoto wangejifunza useremala, ushonaji, sayansikimu, kilimo. Lakini wazazi ndio walioambiwa wajenge karakana kwa harambee. Babu alibeba mawe na kuuza ng'ombe mmoja atoe mchango wa mabati. Jengo likasimama. Randa na misumeno ikawa ya kuhesabu kwa vidole, na mwalimu aliyefundisha useremala alikuwa amesomea jambo jingine kabisa. Mtaala ulipopunguzwa mzigo mwaka 2002, masomo mengi ya mikono yaliwekwa kando. Jengo lile bado lipo katika shule niliyosomea ya msingi. Ndani mna madawati mabovu na magunia ya maharagwe. Mimi nimelifagia mara nyingi bila kujua kwamba mle mna ng'ombe wa babu.

Basi, jibu la swali la babu lilikuja Januari. Kila shule ya Sekondari Pevu hutoa Stem, lakini si kila shule hutoa mikondo yote mitatu. Nyingi zina miwili. Mdogo wangu alipata nafasi ya Sanaa katika shule ya bweni mbali na nyumbani. Serikali hupangia kila mwanafunzi wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka, lakini kitanda na chakula ni juu ya mzazi, na mawe ya sabuni hayauziki kila wiki. Ada ikatushinda. Akahamia shule ya kutwa ya jirani, ambayo ina Stem na Sayansi za Jamii tu. Leo anasoma Historia, Jiografia na Dini. Baba ameshinda lakini sioni akifurahi. Jumamosi humwachia mdogo wangu jiwe zuri kuliko yote na kujifanya hakuliona.

Kwa hivyo, mwenye mdogo wake Gredi ya 9, kabla hajajaza shule zake 12, fanyeni hivi. Shule mnayoitaka inatoa mikondo mingapi? Masomo matatu anayoyataka yana walimu? Kama ni Sanaa, vifaa viko wapi, na ikiwezekana mvione kwa macho. Kama ni Stem, ulizeni maabara hivyo hivyo, maana neno Stem nalo linaweza kuandikwa kwenye ubao wa lango na ndani kusiwe na darubini hata moja. Na shule ya kutwa iliyo karibu, je, ina mkondo huo ikitokea ada imewashinda? Sisi hatukuuliza hilo.

Aliye na swali anitafute Alhamisi baada ya kikao cha chama. Kiboko wa mdogo wangu nitakuja naye mmuone.