KUUZA NA KUNUNUA NYUMBA KWA MADALALI ZAIDI YA MMOJA

Mtumishi wa Serikali anapopata barua ya uhamisho hufunga mizigo kwa siku chache, lakini nyumba aliyoijenga kwa akiba ya miaka mingi haibebeki. Kwa sababu hiyo watumishi na wananchi wengi, Gwarama na kwingineko katika nyanda za juu za Kigoma, huwaendea madalali. Wakiwa na haraka, humwambia kila dalali wanayekutana naye. Somo hili linaeleza namna ya kufanya kazi na madalali mbalimbali bila mwuzaji kupoteza nyumba wala mnunuzi kupoteza fedha zake.

Dalali ni nani

Dalali wa nyumba ni wakala, yaani mtu anayetumwa na mwenye mali kumtafutia mnunuzi, au anayetumwa na mnunuzi kumtafutia nyumba. Yeye si mwenye mali. Asichanganywe na dalali wa mnada, ambaye huhitaji leseni ya kuendesha minada, wala dalali wa mahakama, ambaye hutekeleza amri za Mahakama. Chini ya Sheria ya Mikataba, wakala hapaswi kujipatia faida ya siri katika kazi aliyotumwa, na fedha anazopokea kwa niaba ya aliyemtuma ni lazima azitolee hesabu.

Mfano wa nyumba moja na madalali watatu

Mwalimu anayehama anataka kuuza nyumba kwa shilingi 12,000,000. Anawaambia madalali watatu kwa mdomo, na kila mmoja anaahidiwa asilimia 5, yaani shilingi 600,000. Dalali wa kwanza anatangaza bei aliyopewa. Wa pili anatangaza shilingi 14,000,000 ili zile 2,000,000 ziwe "cha juu" chake. Wa tatu anatangaza shilingi 11,000,000 ili awawahi wenzake. Mnunuzi anayesikia bei tatu za nyumba moja hushuku kwamba nyumba hiyo ina kasoro au ina kesi.

Madhara hayaishii hapo. Mwalimu akiwa ameshafika kituo kipya, madalali wawili wanapokea arubuni kwa wanunuzi wawili tofauti, na kila mnunuzi ana karatasi mkononi. Mmoja akikabidhiwa nyumba, mwingine hudai fedha zake kwa mwalimu, si kwa dalali. Kisha dalali wa kwanza hujitokeza akidai kwamba ndiye aliyemwonyesha nyumba mnunuzi kabla ya wenzake. Endapo wote watatu watalipwa, udalali utafika shilingi 1,800,000, yaani asilimia 15 ya bei.

Kosa katika mfano huu si idadi ya madalali. Madalali wengi huweza kuifikisha habari kwa wanunuzi wengi, wa Kibondo na Kasulu hata wa mbali zaidi. Kosa ni kuwatuma bila mapatano yanayofanana.

Mambo ya kuandikiana na kila dalali

(a) Bei iwe moja kwa madalali wote, na isibadilishwe bila ruhusa ya mwenye nyumba.

(b) Ijulikane kama dalali amepewa kazi peke yake au pamoja na wengine, na kwa muda gani.

(c) Udalali ulipwe mara moja tu, kwa yule aliyemleta mnunuzi aliyekamilisha malipo. Kila dalali aandikishe jina la mteja wake na tarehe aliyomwonyesha nyumba. Madalali wawili wakishirikiana, wagawane udalali huo huo.

(d) Dalali asipokee arubuni wala bei ya nyumba. Fedha zilipwe kwa mwenye nyumba, ikiwezekana kupitia benki, na stakabadhi itolewe.

(e) Dalali apewe nakala ya hati tu. Hati yenyewe ibaki kwa mwenyewe. Mwuzaji anayeondoka amwachie mtu anayemwamini hati ya uwakilishi iliyotayarishwa kisheria.

Wajibu wa mnunuzi

Mnunuzi naye huweza kuwatumia madalali kadhaa, lakini awaeleze wazi nyumba alizokwisha kuonyeshwa, asije akadaiwa udalali mara mbili kwa nyumba moja. Kabla ya kutoa fedha yampasa kukutana na mwenye nyumba ana kwa ana, kuuliza majirani na mwenyekiti wa kitongoji, na kukagua mipaka mchana.

Kwa nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya kijiji, neno la dalali halitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi hiyo, na uhamisho wa hakimiliki ya kimila huhitaji idhini yake. Mnunuzi aanzie ofisi ya Mtendaji wa Kijiji aone kumbukumbu zilizopo. Kila malipo anayotakiwa kulipa ofisini yakatiwe stakabadhi ya Serikali. Kwa kiwanja kilichopimwa mjini, aulize Ofisi ya Ardhi ya Halmashauri kuhusu barua ya toleo, na afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati endapo hati imesajiliwa. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya umiliki uwe wa maandishi. Pande zote zikubaliane mapema nani atalipa ushuru wa stempu na kodi zinazohusika.

Ridhaa ya mume au mke

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Dalali mwenye haraka huliruka swali hili, ilhali ndilo huwaacha watoto bila paa na mnunuzi mahakamani. Mnunuzi asitie saini mpaka mwenzi wa mwuzaji ameridhia kwa maandishi mbele ya mashahidi.

Yakitokea mabishano

Kijijini, mgogoro wa ardhi huweza kupelekwa kwanza kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake. Kazi ya Baraza hilo ni kupatanisha. Likishindikana, lipo Baraza la Kata kwa upatanishi, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo hutoa uamuzi. Katika ngazi zote hizo atakayeulizwa maandishi ni mwuzaji na mnunuzi. Dalali aliyechukua fedha kwa mdomo huenda asionekane tena.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye kuhama na atenge siku moja ya kuandikiana na madalali wake kabla ya kupanda gari. Siku hiyo moja ni nafuu kuliko kurudi mara kwa mara kutoka kituo kipya kuja kujibu shauri la nyumba aliyodhani ameshaiuza.