SOMO LA WANACHAMA: NYUMBA HUANZIA KWENYE KIWANJA

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa kuwasaidia wanachama wa vyama vya msingi kuielewa misaada ambayo Serikali imeiweka kwa mwananchi anayetaka kumiliki nyumba, na kutambua kazi inayobaki mikononi mwa chama chenyewe. Lisomwe kwa sauti katika mkutano, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe katika vikundi.

Hali ilivyo Katubuka

Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Nyumba nyingi za sehemu hizi zimejengwa na wenyewe kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta za matofali ya kuchoma, na bati hufuata fedha ikipatikana. Ujenzi wa namna hii si aibu. Ndio uliowapa makazi watu wengi zaidi kuliko mpango wowote wa Serikali. Hatari yake ni moja: mara nyingi nyumba hutangulia, upimaji ukafuata baadaye au usifuate kabisa.

Hasara ya jambo hilo huonekana siku ya msiba. Katika misimu ya mvua nyingi ya miaka ya karibuni, maji ya bwawa la Katubuka yamepanda na kuingia katika nyumba za watu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika nalo lilipanda na kufunika sehemu za mwambao. Mwenye nyumba iliyojaa maji, asiye na kiwanja kilichopimwa wala hati, hana dhamana ya kupeleka benki ili ajenge upya mahali pengine. Jasho la miaka kumi hugeuka kuwa tope.

Yaliyopita yafundishayo

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka yake ya mwanzo lilibomoa vibanda vya mijini, hasa Dar es Salaam, na kujenga nyumba mpya mahali pale pale. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, na idadi ya nyumba haikuongezeka sana, kwa kuwa kila nyumba mpya ilichukua nafasi ya kibanda kilichobomolewa.

Mwaka 1972 Serikali ilibadili njia. Iliamua kuyatambua na kuyaboresha makazi yaliyojengwa bila kupimwa, na katika miaka iliyofuata ukaanza mpango wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja na kuleta barabara na maji, mwananchi akajijengea. Mpango huo ulianzia Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, kisha ukafika Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa.

Mwaka huo huo wa 1972 ilipitishwa sheria ya kuanzisha Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokopesha watu kwa ajili ya ujenzi. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Miongoni mwa yaliyoidhoofisha ni mikopo isiyorejeshwa. Fundisho lake ni wazi: asiyerudisha mkopo humfungia mlango mwenzake aliye nyuma yake.

Misaada iliyopo leo

Kwanza ni haki ya ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha maeneo ambayo watu wamekwisha kujenga. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi; hati miliki yaweza kufika miaka 99.

Pili ni mikopo. Sheria maalum ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC, ambayo huzikopesha benki ili nazo zipate kuwakopesha wananchi kwa muda mrefu.

Tatu ni nyumba zilizokwisha kujengwa. Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga nyumba za gharama nafuu katika mikoa kadhaa, zikiwamo za Mlole, Kigoma.

Hata hivyo yafaa kuusema ukweli. Misaada ya pili na ya tatu humfaa zaidi mwenye mshahara wa kila mwezi. Mchuuzi wa dagaa hana hati ya mshahara. Mapato yake hufuata giza: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa taa hupumzika na fedha hupungua. Mkulima wa michikichi naye ana msimu wake. Marejesho ya kiasi kile kile kila tarehe ile ile hayapatani na maisha yao.

Kazi ya chama

Hapo ndipo ushirika unapohitajika. Chama kilichoandikishwa chaweza kumiliki ardhi kwa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanachama wa Chama cha Ushirika cha Nyumba cha Mwenge, Dar es Salaam, waliungana kwa njia hiyo. Chama cha akiba na mikopo nacho chaweza kupanga marejesho yafuate msimu wa mapato ya wanachama wake.

Tuchukue mfano. Wanachama 40 wakiweka shilingi 5,000 kila mmoja kwa juma, mwisho wa mwaka watakuwa na shilingi 10,400,000. Fedha hiyo haitoshi kujenga nyumba 40, lakini yaweza kuwaanzishia safari ya kupima viwanja.

Chama kifuate hatua hizi:

1. Kiulize ofisi ya ardhi ya Manispaa kama eneo limepangwa kwa makazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni mwa ziwa.

2. Kichunguze njia ya maji kwa kuwauliza wazee wa mtaa, kabla ya kulipa hata senti.

3. Kisimkabidhi mpimaji michango yote kwa mara moja. Katika miji kadhaa wananchi wamelalamika kwamba walichanga na kazi haikumalizika. Malipo yafuate hatua za kazi, kwa mkataba na stakabadhi.

4. Kila mwanachama apate hati yenye jina lake, na jina la mwenzi wake pia ikiwa kiwanja ni mali ya wote wawili.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe kiwekwe mahali pasipofikwa na maji.

Maswali ya majadiliano

1. Ni wanachama wangapi wa chama chenu wenye viwanja vilivyopimwa? Wengine wamekwamishwa na nini?

2. Marejesho ya mkopo yapangweje kwa mvuvi, na kwa mkulima wa michikichi?

3. Chama kikipewa eneo lililo karibu na bwawa kwa bei nafuu, kikubali au kikatae? Toeni sababu.