MSHAIRI ALIYEKUFA NA MIAKA 26

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.



Kati ya kasida mashuhuri za Waarabu ziitwazo Muallaqaat, moja ni ya Tarafa bin al-Abd, kijana wa karne ya 6, kabla ya Uislamu. Sifa zake zilienea mapema. Wapokezi husimulia kwamba alimtungia Amr bin Hind, mfalme wa Hira, maneno ya dhihaka. Mfalme alificha hasira yake, akampa barua ampelekee liwali wa Bahrain. Mjomba wake Mutalammis, mshairi vilevile, akapewa ya kwake. Wakadhani wanaitiwa zawadi.

Njiani Mutalammis akaingiwa na shaka, akamwita kijana anayejua kusoma. Kumbe barua inaagiza mwenye kuileta auawe! Akaitupa mtoni, akakimbilia Sham. Tarafa alikataa kuifungua yake, akaenda nayo kwa miguu yake mpaka kwa liwali, akauawa. Dada yake Khirniq alimlilia kwa shairi, na humo ndimo ulimohifadhiwa umri wake: miaka 26.

Tarafa hakuwa mjinga wa mauti. Katika kasida yake anasema kaburi la bakhili na la mfujaji mali ni sawa. Ila hitimisho lake likawa: kama siku ni chache, tunywe, tupigane, tustarehe na wanawake. Mara ngapi tumesikia maneno hayo kwa vijana wetu, hasa baada ya kuzika mwenzao?

Labid bin Rabia naye ana kasida yake humo. Inaanza na makao yaliyohamwa, alama zake zikifutika. Naye alijua kwamba watu hupita. Lakini Uislamu ulipomfikia akasilimu, akaishi hadi uzee. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alilisifu neno la Labid juu ya ubatili wa vyote visivyokuwa Mungu kuwa ndilo la kweli kupita yote yaliyosemwa na mshairi. Basi asiwepo wa kudai kwamba dini imeharamisha ushairi wote. Sura Ash-Shu'araa inawalaumu washairi, kisha katika aya ya 227 inawatoa walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mungu kwa wingi.

Katika Kiswahili, lugha tuliyoletewa Maniema na watu wa pwani, tunayo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Yeye anauonya moyo wake mwenyewe kwa kuuonyesha magofu ya Pate: matajiri wamekwenda, popo wamebaki.

Kwetu Kongo sifa ina bei. Mtu hutoa dola ili mwimbaji amtaje ndani ya wimbo, nasi twaita libanga. Wimbo ukichoka, na jina limechoka. Mimi sioni faida yake, hata kwa hesabu ya dunia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Fedha ya libanga moja inatosha kununua misahafu na mbao za kuandikia kwa watoto wa madrasa. Anayetaka kutoa amwone mweka hazina baada ya sala, na asiombe jina lake litangazwe.

Wabillahi tawfiq.