Somo la Wembe: Kila Mtu na Wembe Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu katika umbo lililo zuri, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad: somo hili lahusu wembe, upi ulio rakhisi, nani mwenye haja nao, na vipi utumiwe pasipo kumdhuru mwenyewe wala mwenziwe. Watu wengi hulidhani jambo hili kuwa dogo. Walakini ndani yake mna mambo matatu makubwa: twahara, mali na uhai.

Watu wa pwani hawakai pwani siku zote. Yuko aendaye bara kwa biashara, yuko aendaye kwa ualimu au udereva, na mmoja wao huenda akafika hatta Busawe, upande wa Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara, nchi ya ng'ombe na mashamba ya mahindi na mihogo. Kwao, awe mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja, alikuwa na kinyozi wake karibu na msikiti, amjuaye kwa jina na kwa usafi. Kule ugenini hana kinyozi amjuaye. Mwenyeji wake kwa ukarimu humpa wembe wa nyumbani, au hukutana na mtu anyoaye wengi kwa wembe mmoja, akaambiwa: "Kaa, zamu yako." Hapo ndipo apaswapo kuwa na elimu, kwani aliye mbali na kwao hana wa kumwuliza.

MLANGO WA KWANZA: YANYOLEWAYO NA YASIYONYOLEWA

Kabla mtu hajauliza bei ya wembe, na ajue kwanza ataka kunyoa nini, kwani sehemu kubwa ya gharama hutokana na kunyoa pasipo haja.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba mambo matano ni katika maumbile ya asili: kutahiri, kunyoa kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha, na kunyonyoa nywele za kwapa. Na Anas bin Malik, Mungu amwie radhi, ameeleza katika Sahihi ya Muslim kuwa mpaka waliowekewa ni kutozidisha siku 40. Mwenye kungoja zaidi ya hapo ameiacha sunna.

Kinena, sunna yake ni kunyoa kwa chuma. Kwapa, sunna yake ni kunyonyoa, walakini kunyoa kwafaa. Imamu Nawawi amehadithia ya kwamba Yunus bin Abdil-Aala aliingia kwa Imamu Shafii akamkuta kinyozi akimnyoa kwapa. Imamu akamweleza kuwa ajua sunna ni kunyonyoa, ila hawezi kuvumilia maumivu yake. Basi asiyeweza na asijitese, kwani aliye mkubwa kuliko yeye alinyoa.

Masharubu hupunguzwa hatta ukingo wa mdomo wa juu uonekane, na kazi hiyo yatoshwa na mkasi mdogo. Ama ndevu, kauli yenye kutegemewa kwa Imamu Rafii na Imamu Nawawi ni kuwa kuzinyoa ni makuruhu, na wako katika wanavyuoni wa madhehebu waliosema ni haramu. Basi mwenye kuzifuga amejiepusha na khitilafu hii, na tena amejipunguzia gharama, kwani uso ndio ulao nyembe nyingi kuliko mahali pengine popote.

Kichwa, mtu ana khiari: akipenda hunyoa, akipenda hufuga kwa sharti azitunze nywele zake. Kunyoa kumesuniwa mahali maalumu, kama mtoto mchanga siku ya saba, na mwenye kuhiji au kufanya umra, ambaye kunyoa kwake ni bora kuliko kupunguza, na uchache wa kumtosha katika madhehebu ya Shafii ni nywele tatu. Kilicho makuruhu ni kunyoa baadhi ya kichwa na kuacha baadhi, kitu kiitwacho kwa Kiarabu qazaa. Mtindo wa vijana wa kunyoa kando na kuacha ukingo wa nywele katikati, waitao kiduku, waingia humo.

Na katika haya iko nukta moja wengi wasiyoifikiri. Kinena ni utupu. Si halali kinyozi kukitazama, wala rafiki, wala ndugu. Hunyoa mtu mwenyewe, au mkewe. Kwa hiyo kila mwanamume aliyebaleghe amekwisha kuwa na haja ya wembe wake mwenyewe, hatta awe na kinyozi mzuri namna gani. Asemaye kwamba huazima wembe kwa kuwa hana uwezo wa kununua, na ajiulize sunna hii huitimiza kwa kitu gani.

MLANGO WA PILI: DAMU YA WEMBE

Damu ni najisi. Wembe uliomkata mtu na kuingia damu, katika madhehebu ya Imamu Shafii, hautwahariki kwa kupanguswa kwa kitambaa wala kwa karatasi, japokuwa ni chuma laini chenye kung'aa. Hauna budi kuoshwa kwa maji. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu kupangusa. Walakini watu wa pwani ni Mashafii, na kinyozi apangusaye wembe pajani kisha akamwita mwingine hakuutwaharisha.

Ama aliyejikata mwenyewe, damu yake haivunji udhu, na kidogo chake husamehewa. Na aliyetia udhu kisha akanyoa kichwa au ndevu, si lazima kurudia udhu wake.

Sasa na ieleweke tofauti iliyo muhimu katika somo hili. Maji huondoa najisi, wembe ukawa twahiri kwa sala. Lakini twahara ya sala si dhamana ya kuondoka maradhi. Yako maradhi yakaayo katika tone la damu lisiloonekana kwa macho.

La kwanza ni homa ya ini ya aina ya B. Madaktari wamethibitisha kuwa virusi vyake vyaweza kuishi nje ya mwili muda usiopungua siku 7, hatta katika damu iliyokwisha kauka. Aliye navyo aghlabu hana dalili. Hula, hufanya kazi, na hucheka na watu, na huku ini lake huenda likaharibika kidogo kidogo kwa miaka mingi. Maradhi haya yana chanjo, na mwenye kuipata asiiache.

La pili ni Ukimwi, ambao wagonjwa wa mwanzo katika Tanzania walijulikana mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa lile lile ambalo Mara iko kando yake. Haki ni kusema ya kwamba ugonjwa huu aghlabu huambukizwa kwa njia nyingine, na virusi vyake havidumu sana nje ya mwili. Walakini wembe uliotoka sasa hivi katika jeraha la mtu ukaingia katika jeraha la mwingine una khatari. La tatu ni mapunye, ambayo hayaui, lakini hutoka kichwa hatta kichwa kwa wembe, mashine na kitana.

Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul-Baqara mtu kujitia katika maangamio kwa mkono wake. Na katika kawaida za sharia ni kwamba haifai kujidhuru wala kudhuru wengine. Basi anyoaye kwa wembe wa watu ajidhuru, na atoaye wembe wake kwa watu huenda akawadhuru hali hajui.

MLANGO WA TATU: AINA ZA WEMBE NA HESABU YAKE

Wa kwanza ni wembe wa kukunja wa vinyozi wa zamani, wenye mpini. Huu hukaa umri mzima, lakini wataka kinoo, ukanda wa ngozi na mkono uliozoea. Bei yake ni kubwa, na asiyejifunza hujikata. Haumfai msafiri.

Wa pili ni wembe mwembamba wenye makali pande mbili, uvikwao katika kishikio cha chuma. Mmarekani King Camp Gillette alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1904, na tangu hapo umeenea dunia nzima. Kishikio hununuliwa mara moja kikakaa miaka. Kibadilishwacho ni wembe peke yake, na wembe mmoja ni rakhisi kuliko chupa moja ya soda. Huu ndio ulio bora kwa mwenye kutaka kuhifadhi mali yake.

Wengi vijijini hununua wembe huo huo wakautumia mtupu, wakiushika kwa vidole. Bei ni ndogo kweli, walakini kishikio ndicho kizuiacho makali yasizame, na aukosaye hujikata mara nyingi. Ada ya kishikio kimoja ni nyepesi kuliko jeraha.

Wa tatu ni kiwembe cha plastiki kitupwacho, ambacho kampuni ya Bic ya Ufaransa ilianza kukiuza mwaka 1975. Ni chepesi, chafaa safarini, na hupatikana karibu kila duka. Kwa anyoaye mara chache chafaa sana. Kwa anyoaye kila siku gharama yake hupanda.

Wa nne ni mashine ya umeme, ambayo siku hizi hufanya kazi vijijini hatta kwa umeme wa jua. Hii haikati mpaka kwenye ngozi, basi khatari yake ya damu ni ndogo, na yafaa kichwa kuliko wembe. Sharti lake ni meno yake yasafishwe kwa brashi na spiriti kabla ya kila mtu.

Na hesabu ni hii. Mwenye kufuga ndevu, akinyoa kinena na kwapa kila wiki mbili, hunyoa mara 26 kwa mwaka. Akiutupa wembe baada ya mara mbili, nyembe 13 zamtosha mwaka mzima. Mwenye kunyoa ndevu mara mbili kwa wiki huongeza mara 104. Wembe mmoja ukimtosha mara nne, ataka nyembe 26 zaidi. Jumla ni 39, yaani pakiti nne za nyembe kumi kumi, na moja ikabaki. Huu ndio mzigo wote ambao watu huukimbia kwa kuazima.

MLANGO WA NNE: NAMNA YA KUNYOA

Kopo moja la maji latosha. Mahali pa kunyolewa palowe kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, pangojewe dakika mbili au tatu hatta nywele zilainike. Wembe upitishwe kwa wepesi kufuata nywele zinakolalia, si kinyume chake, wala ngozi isivutwe.

Nywele za watu wa nchi hizi aghlabu ni za kujikunja. Zikikatwa chini mno, ncha hurudi ikachoma ngozi, vikatoka vipele kidevuni na kisogoni, na vingine huacha makovu yasiyoondoka. Dawa yake ni kuacha kukaza wembe, kutorudia mahali pamoja mara nyingi, na mwenye vipele vingi kutumia mashine au mkasi badala ya wembe. Unga wa kunyolea huwafaa baadhi ya watu, lakini ni dawa kali: ujaribiwe kwanza mahali padogo pa mkono, usipite muda ulioandikwa, wala usitiwe katika utupu.

Wembe ukimaliza kazi uoshwe, ukaushwe, uwekwe mbali na watoto. Wa usoni usiwe ndio wa kinena. Ukichakaa usitupwe njiani wala jalalani, bali utiwe katika kopo lenye kifuniko, kisha katika shimo la choo, kwani kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani, na miguu ya watoto wa vijijini mingi haina viatu. Nywele zilizonyolewa ni vizuri kuzizika.

TANBIHI

Mgeni aliyepewa wembe wa mwenyeji na akatae kwa adabu. Haifai kusema, "Wembe wenu mchafu." Na aseme, "Mungu akulipe, bwana. Ninao wangu, na mimi simpi mtu wala sichukui wa mtu." Kwa maneno haya heshima ya mwenyeji imebaki, na huenda naye akajifunza.

Anyolewaye na kinyozi na achukue wembe wake mpya, aufungue mbele ya macho yake, na baada ya kunyolewa auondoe mwenyewe. Jambo hili halina aibu: Wizara ya Afya ya Saudia huwausia mahujaji wasinyolewe na vinyozi wa njiani wasio na ruhusa, wala wasishirikiane nyembe, ijapokuwa wote ni wageni wa Mwenyezi Mungu na wako katika ibada moja. Ikiwa Mina kwahitaji hadhari, Busawe na Mombasa zahitaji vile vile.

Na kinyozi aliye Mwislamu na ajue ya kuwa kazi yake ni amana. Akijua khatari kisha akapuuza, akamdhuru mtu kwa uzembe wake, ana dhamana ya alichokiharibu. Na baba mwenye wana waliobaleghe na ampe kila mmoja wembe wake, amfunze kuutumia, na amkataze kuuazima, kabla mwana huyo hajasafiri akafika mahali ambapo babake hayuko.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuhifadhi sisi na jamaa zetu, walio pwani na walio bara. Amin.

Wallahu aalam.