Kidonda Kisichouma: Mguu wa Mwenye Kisukari

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Sukari iliyomo katika damu hiyo yote, asubuhi kabla hajala, ni kama kijiko kimoja cha chai. Kongosho ndilo mlinzi wa kipimo hicho: ukila ugali au wali, humwaga insulini, nayo huifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Mwenye kisukari insulini haimtoshi, au mwili wake umekuwa sugu nayo, hivyo sukari hubaki ikizunguka kwenye mishipa.

Sukari hiyo haiumi. Mwaka baada ya mwaka hukwaruza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, mafuta yakaganda hapo na njia ikawa nyembamba. Mishipa ya fahamu nayo hudhoofika, na ganzi huanzia vidoleni.

Ndiyo maana mtu hushinda na kijiwe ndani ya kiatu, akaja kukigundua jioni kwa kuona soksi ina damu. Mwingine hutia miguu kwenye beseni la maji ya moto atoe ganzi, akatoka na malengelenge. (Ganzi hiyo haitoki kwa maji ya moto. Hata ya kuogea, yapime kwa kiwiko.)

Kidonda hupona kwa damu, na hapa damu inafika kwa shida. Vidudu hupata nafasi. Vitabu vingi husema utazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Weka kiganja, ulinganishe joto na mguu wa pili. Pakiwa na joto, uvimbe, usaha au harufu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ukichelewa, maambukizi huingia kwenye damu. Mishipa hulegea na kuvuja maji, presha huporomoka, figo na ubongo hukosa damu. Huu ndio mshtuko wa kitabibu, si ule wa kupokea habari za msiba. Mgonjwa huhema mbiombio, mkojo hupungua, maneno humchanganyikia. Asisubiri kupambazuke.

"Hajala, asichome sindano"

Mwenye kisukari anayejichoma insulini akiugua na kushindwa kula, kauli hii husikika sana majumbani, nayo ni ya hatari. Mwili ukipambana na ugonjwa hutoa adrenalini na kotisoli, na ini humwaga sukari yake lenyewe hata kama mgonjwa hajatia kitu mdomoni. Usiache insulini kwa uamuzi wako. Pima sukari mara kwa mara na umuulize mhudumu kipimo cha dawa. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L, pamoja na jasho na kutetemeka, mpe mgonjwa chai yenye sukari kama anaweza kumeza. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kila usiku kagua nyayo kwa kioo, na katikati ya vidole. Ukienda kliniki, vua viatu hata kama hujaambiwa.