Ukiwa Mabamba, Simu Yako Isivuke Mpaka

Nilikuwa gulioni Mabamba, wilaya ya Kibondo, na magunia yangu ya maharage. Mnunuzi wa Kahama alikuwa anasubiri picha za mzigo WhatsApp. Nikakwangua vocha, na kabla sijajiunga bando ikaingia meseji ya kunikaribisha Burundi. Niko Tanzania, nimeegemea magunia yangu, na salio linayeyuka! Nilipopata mtandao tena, mnunuzi alishachukua mzigo wa mtu mwingine, maharage yenye vumbi na mawe. Mpaka leo inaniuma.

Baadaye nikabaini kwamba kijana aliyeniuzia simu Kasulu aliiwasha data ya nje ya nchi na hakusema neno. Kubandika kioo cha juu alikumbuka, na hela yake akachukua.

Sasa, hatua za kulinda salio ni tatu. Mbili ni za haraka: zuia WhatsApp isipakue video yenyewe, na programu zisijisasishe bila Wi-Fi. Hayo mnayajua.

Ya tatu ndiyo yenye kazi. Mawimbi ya mnara hayasimami mpakani, na Gisuru ya Burundi iko hapo ng'ambo. Mtandao wetu ukififia nyuma ya kilima, simu inadaka wa jirani, na ikishahamia hairudi upesi. Dawa ni kuinyang'anya uamuzi huo. Zima data kwanza, maana ikiwa hewani utafutaji unaweza kukwama. Ingia Mipangilio, fungua mtandao wa simu, tafuta sehemu ya kuchagua mtandao, kisha ondoa kiotomatiki. Iache itafute kwa utulivu, hata ikichelewa. Italeta orodha, ya kwetu na ya Burundi pamoja. Gusa mtandao wa laini yako. Ukimaliza, funga data ya nje ya nchi. Mtandao wako ukipotea, simu itakaa bila mtandao, na hilo ni nafuu kuliko kuliwa salio.

Kuna mama anauza mawese pale gulioni, nilimtengenezea hivyo hivyo. Gulio lililofuata akaniita: "Mwanangu, mbona bado wananikaribisha Burundi?" Nikaishika simu, nikaona laini ya kwanza imefungwa vizuri. "Mama, ni hii laini ya pili, bado iko wazi." Kila laini ina mipangilio yake! Tukaifunga nayo, meseji zikakoma. Simu nyingine zikizimwa na kuwashwa zinarudi kwenye kiotomatiki, kwa hiyo chaji ikiisha, kagua upya. Msimu uliofuata nilituma picha nikiwa gulioni hapo hapo, na mzigo wangu wote ukaenda Kahama kwa bei niliyoitaka mimi.

Kuhusu aina ya simu, wauzaji wasikuzungushe. Tecno, Itel na Infinix zote ni za kampuni moja ya China, Transsion. Kwetu huku mimi naangalia betri kwanza, kamera baadaye. Na kabla hujatoa hela, bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwenda 15090 ujue kama simu ni halali. Mwezi Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliolia ni wanunuzi.

Aprili 2021 bei mpya za bando zilipotoka, nchi nzima ilipiga kelele na serikali ikazisitisha. Kelele ile ilikuwa ya haki, na sisi wa mpakani tunayo yetu ya kuongeza: bando hata likiwa rahisi halimsaidii mtu ambaye simu yake imehamia nchi nyingine. Anayeuza simu Kasulu au Kibondo anajua wateja wake wanakwenda magulio ya mpakani. Azifunge laini zote mbili mbele ya mteja kabla hajapokea hela. Asiyetaka, mnyime biashara yako, nenda duka linalofuata.